Mrija wa Omuse Ndani ya Ndege Yangu

Malaba, Jumapili jioni

Dada yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mwili wangu mzima, namshukuru Mungu. Habari za moyo nitakupa mbele. Kwanza wewe. Goti limepoa, au bado unalipandisha ngazi za soko kwa ubishi wako? Na mama anakula, au anachezea chakula tu? Mwambie shuka alilonipa ndilo linaloniokoa, maana huku mvua ya jioni ikinyesha, baridi yake haina adabu. Uliandika kwamba mtaani wanasema nimepata cheo nikawasahau. Nilicheka hadi nikajisikia, kwa sababu nyumbani kwangu hakuna mwingine wa kusikika.

Kazi ni ile ile, kutengeneza nyaya za simu na taa za reli. Mchana hapa Malaba kuna kelele. Malori yamejipanga hadi nje ya mji, na watu wa ng'ambo ya mpaka wanavuka kutafuta sabuni na chumvi ambazo kwao zimeadimika. Jioni kila mtu anaingia kwake na mimi nabaki na jiko langu la mkaa. Wenyeji kati yao wanazungumza Kiteso au Kiluhya. Kiswahili changu wanakifurahia, wanasema naongea kama redio. Basi hunisikiliza kama redio, kisha huondoka kama mtu aliyeizima. Usimsomee mama hapa, lakini dada, nina upweke. Kuna siku nafika kitandani sijasema neno ila la kazi.

Sasa nikueleze jambo lililonishughulisha tangu mvua za mwanzo. Yule Mzungu mhandisi wa barabara niliyemtengenezea redio yake alipomaliza mkataba, aliniachia sanduku ambalo mwenyewe hakuwahi kulifungua. Ndani mlikuwa na ndege. Si ya kuchezea sebuleni, ni ndege ya kuruka kweli, mabawa yake marefu kama mkono wangu na wako tukiunganisha. Ina injini ndogo ya kutosha kiganjani, na unaiongoza ukiwa umesimama chini, kwa kisanduku chenye eriali. Ilikuja vipandevipande, mbao nyepesi kuliko maganda ya muhogo. Nimeigundisha jioni baada ya jioni. Mafuta ya injini yake yananuka nyonyo, yale mama aliyotupaka kichwani, na siku ya kwanza nilipofungua kopo ilibidi nikae kwanza.

Kuunda hakukunishinda. Kilichonishinda ni kuiweka sawa kabla ya kuruka. Kitabu cha maelezo, kila ukurasa, kinataja msaidizi. Msaidizi wako ashike mkia unapowasha injini. Msaidizi wako asimame na ndege, wewe uende mbali na kisanduku, akuashirie kama mkia unatii. Msaidizi wako airushe. Nilikisoma nikakasirika, kana kwamba aliyekiandika alijua.

Nikajaribu peke yangu. Uzito niliupima kwa ncha za vidole chini ya mabawa. Mkia ukazama, nikanunua chubwi, risasi ile ya kuzamishia nyavu, kwa muuza nyavu sokoni Busia, nikaipachika puani hadi ndege ikatulia. Hilo mtu mmoja anaweza. Lakini la kwenda mbali na kisanduku? Nilifunga kipande cha kanga yako mkiani ili nione kikicheza, ndege nikaiacha juu ya pipa, nikaenda hadi mwisho wa nyumba za reli. Kanga ikacheza. Nikafurahi, kisha nikagundua hata nisipogusa kitu inacheza, ni upepo tu. Mbuzi wa jirani akaja kuionja. Nilirudi mbio nikipiga mayowe kama mwendawazimu, na hakuna aliyetoka hata kuniuliza.

Hapo ndipo nikamfikiria Omuse. Yeye ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Mteso wa Moding, kazi yake stesheni ni kugeuza njia za treni. Idi iliyopita nilipika pilau kama tunavyopika kwetu, sufuria zima, kisha nikakumbuka sina wa kula naye. Nikampelekea Omuse sahani. Kesho yake aliirudisha imeoshwa, na juu yake akanikabidhi mrija mrefu kunipita, mwembamba, mnyoofu, ambao mwishoni una kichungio kilichofumwa. Hakusema mengi, alisema ni wangu. Nami niliujua. Wateso hunywa pombe yao ya wimbi moto moto kutoka chungu kimoja katikati, wamekizunguka, kila mtu na mrija wake. Nikaona ananitania, Muislamu kupewa mrija wa pombe kwa pilau ya Idi. Nilishukuru kwa midomo tu, nikautupa juu ya kabati.

Basi sikiliza nilichokuwa nimefanya wakati naiunda. Ndani ya ndege kuna vijiti viwili virefu vinavyotoka kwenye vijimota vya katikati hadi mkiani, ndivyo vinavyosukuma usukani. Vile vya sandukuni vilikuwa vimeliwa na wadudu. Nikatafuta kitu chepesi, kigumu, kisichopinda. Nikainua macho juu ya kabati. Niliukata mrija vipande viwili, nikavipachika, na dada, vilikaa kama vimezaliwa humo.

Siku nilipomwita Omuse aje kunisaidia, alikuja na furaha, bado amevaa viatu vya kazi. Aliigusagusa ndege kama anapapasa kifaranga. Mabawa nilikuwa nimeyavua, akainama kuchungulia tumboni. Akakaa hivyo hivyo ameinama. Mimi naeleza habari za injini, sijui hili wala lile. Kumbe kwenye ule mrija alikuwa amechoma alama kwa msumari wa moto, na alama ilikuwa inamtazama. Alinyanyuka, akaniambia anarudi kazini. Zamu yake ilikuwa imeshakwisha.

Nikamfuata hadi mlangoni pake. Nikasema nitamnunulia mwingine, nikasema mimi situmii pombe, nikaeleza dini yangu yote pale uwanjani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Mimi najua wewe ni Muislamu," akasema. "Si nilikula pilau yako? Mimi sikukupea pombe. Nilikupea pahali ya kukaa."

Akaongeza, bila hasira, na afadhali angekasirika: "Tangu hiyo Idi, hiyo pahali iko wazi. Mjomba yangu akitaka kusonga hapo, namwambia hapana, hapo ni pa Mombasa."

Mombasa ni mimi. Hilo ndilo jina langu hapa na sikujua. Rukia, nilirudi chumbani nikakaa juu ya lile sanduku tupu. Miezi yote hiyo nimekulalamikia kwa barua kwamba watu wa huku hawanikaribishi, na Jumamosi zote hizo, hatua chache nyuma ya nyumba yangu, watu walikuwa wamekizunguka chungu wameacha pengo la mtu mmoja. Nilikuwa nawasikia wakicheka. Nilikuwa nafunga dirisha.

Wiki hiyo hatukusalimiana, au tulisalimiana kama watu wa benki. Ndege nikaifunika kwa gunia. Niliona nikimkosa huyu basi nimekosa yote, niombe uhamisho nirudi nyumbani nikiwa nimeshindwa na kitu kidogo kama kusema asante vizuri.

Jana Jumamosi alasiri niliyasikia mazungumzo ya watu wa chungu yanaanza. Nikavaa kanzu safi, nikaenda. Mikono mitupu, maana sikujua mtu huenda na nini. Hawakusimama, hawakushangaa. Karibu na Omuse palikuwa na kigoda hakina mtu. Nikakikalia. Mke wa Omuse alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa, tamu kupita kiasi. Nikainywa wao wakinywa pombe yao. Nisikudanganye kwamba upweke uliisha hapo. Walizungumza Kiteso mwanzo hadi mwisho, wakacheka nisijue kinachochekwa, na nilitamani mtu mmoja tu wa kuniuliza mama hajambo. Lakini nilikaa. Wakati wa kuagana Omuse akasema, "Kesho sina kazi. Leta hiyo ndege."

Leo basi tumekwenda Moding, kwenye malisho ya baba yake, maana mkuu wa stesheni ameniapisha nisithubutu kuirusha karibu na daraja la mpakani. Askari wa ng'ambo siku hizi hawaulizi ni mchezo gani. Omuse akaishika. Mimi nikaenda na kisanduku, eriali nimeikunja kama kitabu kinavyotaka, mbali hadi nikawa sioni mkia tena, namwona yeye tu. Nikisukuma kishikio, anainua mkono. Nikiacha, anashusha. Nikaenda mbali zaidi, akainua. Kisha akaanza kupiga kelele na kuonyesha upande. Niliporudi nikaona kweli, nikitaka kushoto mkia unakwenda kulia. Nilikuwa nimefunga kijiti upande usio wake. Ningeirusha peke yangu ningeiangusha kabla haijafika mti wa kwanza. Tumefungua, tumefunga upya. Kijiti hicho ndicho chenye alama yake. Alikikaza mwenyewe.

Kesho nina mapumziko, na yeye zamu yake ni ya mchana. Tunairusha asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Inaweza kuanguka, kitabu chenyewe kinasema nyingi huanguka mara ya kwanza. Nimemwambia Omuse hivyo. Amenijibu kwamba mirija iko mingi kwao.

Mama mbusie mkono. Shemeji fundi cherehani mwambie suruali aliyonishonea bado inanibana, si mimi niliyenenepa. Mjomba wa kahawa salamu, na wanao wote, na yule bibi wa nyumba ya pili aliyenifundisha Kurani, mwambie bado nasoma.

Na wewe nina ombi. Unakumbuka tiara zetu za karatasi kiwanjani? Mimi nakimbia na uzi, nakupigia kelele uachie, na wewe huachii, unaingoja pumzi yako mwenyewe ya upepo, na siku zote ilikuwa sahihi. Najua barua hii itakufika ndege ikiwa imeshapaa au imeshavunjika. Haidhuru. Siku utakayoisoma, toka uani asubuhi, inua mikono kidogo, kisha uachie. Majirani wakiuliza, waambie unanyoosha mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Athumani