Manjano Yako na Moshi wa Zebaki

Baba Bhoke,

Salamu sina. Dereva wa bodaboda ameniambia unakuja hapa Issenye kumchukua binti yako, kwa hiyo nakuandikia mapema, na wengine wakisoma ni sawa tu.

Unakumbuka chumba chetu cha Gorong'a, mwaka ule dhahabu ilipotoka na watu wakaacha mahindi yaozee shambani? Wenzako walichomea nje zebaki iliyonasa dhahabu, hukohuko walikooshea mchanga. Wewe uliogopa macho ya watu, ukachomea jikoni mwangu, juu ya mkaa niliopikia ugali, mlango umefungwa. Nilipolalamika ulicheka. Ulikuwa umesoma kwenye simu kwamba kiini cha manjano, ile bizari, huamsha vimeng'enya vinavyolinda ini.

"Kunywa manjano haya, Mama Bhoke. Ini likiwa na askari wake, sumu itapitia wapi?"

Nikanywa. Nilikupenda, nikajiona nimeolewa na msomi. Nilitia manjano kwenye maziwa, kwenye dagaa, hata kwenye uji wa mtoto. Nawe ulimpakata mbele ya jiko, mkitazama donge la kijivu likigeuka dhahabu, ukimwita malkia. Alicheka sana siku zile, siwezi kukataa.

Kisha mikono yake ikaanza kutetemeka. Ukasema ni minyoo, ukaongeza kijiko cha manjano.

Ni mimi niliyembeba hadi hospitali. "Mama, manjano huenda yakalisaidia ini kidogo, na hata hilo wamelijaribu kwa panya tu," daktari alisema. "Lakini moshi wa zebaki hausubiri ini. Mtoto anauvuta, unaingia mapafuni, unapanda kichwani."

Nilirudi nikakueleza neno kwa neno. Eti daktari anaionea wivu dhahabu yako! Wiki ileile ukakimbilia machimbo mengine, ukaniachia mtoto na kopo la manjano.

Sasa Bhoke yuko shuleni. Majibu anayajua, ila kalamu haikai mkononi, mwalimu humuuliza kwa mdomo. Vifungo vya sare namfungia mimi. Nakuchukia, Baba Bhoke, na kinachoniuma zaidi ni kwamba uliamini kweli. Ungekuwa tapeli tu, ningeshakusahau.

Aliponiuliza baba yuko wapi, nilimwambia umekufa. Alilia siku mbili, akamaliza. Hatalia mara ya pili kwa ajili yako. Kaa hukohuko, uendelee kuwa marehemu.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Bhoke