Jina Langu Lilipogeuka Kijani

Kasongo, Jumapili, saa kumi alasiri. Mvua iliyoanza alfajiri imekatika sasa hivi, barabara ni matope matupu, na mimi siwezi kukaa chini. Nimefagia chumba mara mbili. Nimechemsha chai nikaisahau. Afadhali niandike, maana nikiendelea hivi majirani watadhani nimepagawa.

Mkono wangu wa kushoto una plasta ndogo nyeupe. Kila baada ya dakika naiangalia.

Wanaosoma hapa wananijua: ndimi mwenye kibanda cha fotokopi na kuchaji simu karibu na soko. Sokoni wananiita Mama Damu. Jina hilo nilipewa tulipoanzisha kundi letu. Damu haiwekeki muda mrefu, kwa hiyo mgonjwa akiihitaji, kwa kawaida ndugu zake ndio hutoa. Sasa asiye na ndugu hapa afanyeje? Ndipo Papa Amisi wa maabara na wajitolea wa afya wa mitaa wakakaa nasi parokiani, tukatengeneza orodha kwenye simu. Jina, mtaa, kundi la damu, siku uliyotoa mara ya mwisho. Aliye tayari kutoa anaonekana kijani. Aliyetoa juzijuzi anaonekana mwekundu, maana yake anapumzika. Akihitajika mtu natuma ujumbe, na asiye na simu anafuatwa nyumbani na mjitolea wa mtaa wake.

Kazi hiyo naipenda mno. Nimesimama sokoni, kanisani, hata kwenye matanga, nikiwaambia watu: sindano ni kitu gani? Ni kama kuumwa na siafu tu!

Mwenyewe sijawahi kutoa hata tone.

Haya, nimesema. Naogopa sindano, tena si kidogo, mpaka miguu inakufa ganzi. Siku ya kupimwa kundi la damu walinichoma kidole tu, nikaomba kiti. Wakanikuta nina O hasi, ambayo huku kwetu ni ya kutafutwa kwa tochi. Nikaona haya kurudi nyuma. Na kwa kuwa orodha naishika mimi, nikafanya jambo dogo, jepesi: nikajiandikia tarehe ya uongo. Jina langu likawa jekundu. Kwa mwanamke, ikipita miezi minne programu yenyewe inaligeuza kijani, basi kila zikikaribia kutimia nilikuwa nasogeza tarehe mbele. Maabara ina watu wawili wanaopokezana zamu. Nilijua kila mmoja atadhani nilitoa kwenye zamu ya mwenzake.

Mara hii nilisahau.

Leo asubuhi tulikuwa katikati ya wimbo kanisani, simu ikatetemeka ndani ya mkoba. Papa Amisi: mama amejifungua, anatoka damu nyingi, O hasi, haraka. Nikatoka mpaka barazani, nikafungua orodha. Wenye O hasi tuko watatu. Wa kwanza ni mwalimu wa shule ya msingi, mwekundu, alitoa mwezi uliopita. Wa pili ni mvuvi wa Nyangwe, kijani, lakini simu yake haipatikani akiwa mtoni. Nikampigia mara tano. Naona haya kuandika kwamba sikumpigia kwa ajili ya yule mama. Nilimpigia kwa ajili yangu.

Wa tatu ni mimi. Kijani kabisa.

Simu ikalia. "Mama Damu," akasema Papa Amisi, "ule muvuvi hapatikane, ninaona mutu moja tu kijani anabaki hapa. Iko weye. Unakuja ao hapana?"

Nikasema nakuja. Nikapanda pikipiki, na njia nzima nikawa nawaza tarehe. Kuibadilisha ni kugusa mara tatu tu. Ningefika pale nikasema programu imekosea, mimi nilitoa juzi, na nani angenibishia? Nikashuka langoni pa hospitali, nikatoa simu, nikafungua ukurasa wangu. Kidole kilikuwa kimeshafika kwenye tarehe.

"Mama, ni weye Mama Damu?"

Mbele yangu alisimama mwanamume mmoja, suruali imelowa mpaka magotini, ameshika mkononi kandambili za kike za rangi ya waridi. Alikuwa mume wa yule mama. Yeye anachimba dhahabu Salamabila, na kwao ni upande wa Bukavu. Mjitolea wa afya wa kule Salamabila ndiye aliyeona mimba ya mkewe, Nabintu, ina hatari, akatuma taarifa hospitalini kwa simu, na wiki mbili zilizopita wakaja kwa pikipiki kungojea siku yake hapa karibu na madaktari. Yaani kila mtu alifanya kazi yake kama tulivyopanga. Nilikuwa nimebaki mimi.

"Banasema utakuja na batu ya kumusaidia," akaniambia. "Damu yangu banaikatala, haifanane na yake. Na huku hatuna ndugu. Mama, na batu yako iko wapi?"

Akaangalia barabara nyuma yangu, akiwatafuta.

Nikaizima simu. "Ni mimi," nikamwambia. "Niko peke yangu."

Papa Amisi alinipima kwanza, kisha akachanganya tone langu na la Nabintu kuona kama zinapatana. Kila hatua niliomba kimoyomoyo anikute na kasoro. Hakunikuta nayo. Akanilaza. Nikajikaza kisabuni, lakini meno yalikuwa yanagongana.

"Angalia ukuta," akasema.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya zamani. Nikaisoma kwa sauti: Januari, Februari, na kwenye Machi nikapiga ukelele ambao nadhani ulisikika mpaka sokoni. Nilipomaliza Desemba nikaanza upya. Jamani, si siafu. Inauma kuliko siafu, na nawaomba radhi wote niliowadanganya. Lakini ikishaingia maumivu yanapoa, na hilo nawaapia.

Baadaye nikakaa kwenye benchi na yule mume, nikipewa chai yenye sukari nyingi na ndizi. Yeye alizungushazungusha zile kandambili mapajani. Mpaka muuguzi akatokea mlangoni.

"Damu imesimama," akasema. "Anauliza mutoto yake iko wapi."

Niliruka! Kizunguzungu kikanipata, mume akanidaka kabla sijaanguka, na sote wawili tukawa tunalia huku tukicheka. Akaingia ndani. Aliporudi mikono yake ilikuwa mitupu. Kandambili amezipanga chini ya kitanda cha mkewe.

"Asubuhi mikono yake ilikuwa baridi kabisa, sasa iko moto," akaniambia.

Nilikuwa nimebakiwa na jambo moja. Nikamfuata Papa Amisi maabara, nikamweleza habari ya tarehe zangu, zote. Uso ulinishuka. Yeye akaendelea kunawa mikono.

"Mama, kitabu ya labo inakuwaka hapa siku zote," akasema. "Jina yako haiko mule hata mara moja. Nilijua kitambo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nikisema utaona haya, utaacha kundi. Nani ataniletea watu?"

Nimecheka mpaka sasa mbavu zinauma. Nina furaha ambayo sijui niiweke wapi. Ujumbe mmoja kutoka Salamabila, orodha moja kwenye simu, mwoga mmoja wa Kasongo, na Nabintu yuko hai anamnyonyesha binti yake! Nilikuwa nawahubiria watu kitu ambacho mwenyewe sikukijua.

Nimeandika ukweli wote kwenye kundi. Nilidhani watanichukia. Mwalimu alikuwa wa kwanza kujibu: "Kwa hiyo ile ya siafu ulitoa wapi?" Tangu hapo hawajanyamaza, na ninastahili kila neno. Pia wawili ambao wamekuwa wakinikwepa miezi mingi wameandika kwamba na wao wanaogopa, na wanauliza kama nitawasindikiza.

Nimefuta tarehe za uongo, nikaandika ya leo, ambayo ni ya kwanza. Jina langu ni jekundu. Baada ya miezi minne litageuka kijani lenyewe, na najijua, nitakuwa naogopa vilevile.

Sitaligusa.