Mila Iliyobaki Nje ya Kitabu

Kisarawe, 12 Machi 1929

Dada Laurentia,

Shikamoo. Huku mihogo imeshika.

Padre alinisimulia habari za Justiniani, mfalme wa Rumi, aliyekusanya sheria za kale ili ufalme urudi ulivyokuwa. Sheria iliyoachwa nje ya kitabu chake haikusikilizwa tena. Nilicheka, na huku nami, karani wa baraza, nilikuwa naandika mila zetu kitabuni kwa amri ya Bwana Shauri, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, ati tunarudisha za zamani.

Jana hukumu ya minazi ya marehemu mumeo ilisomwa. Shemeji zako wameshinda. Haki ya mjane haimo kitabuni.

Baba alipokufa, mama alikula nazi zake mpaka naye akafa, na mkwezi wake nilikuwa mimi. Haki hiyo sikuiandika, dada. Nilidhani kila mtu anaijua.

Mdogo wako mwenye kalamu,
Wilbrod