Laini Tulizoishi, Mama Achieng

Mama Achieng,

Najua utacheka. Ulikuwa ukisema mwandiko wangu ni kama kuku amechakura kwenye karatasi, na leo nimeketi hapa mlangoni na kalamu, nikuandikie wewe usiyeweza kunijibu. Cheka tu. Nimekukosa mpaka nimeanza kuandika.

Habari za huku kwanza. Laini yetu imefungwa. Zile nyumba za kampuni tulizoishi miaka yote, ukuta mmoja tu kati ya jiko lako na langu, sasa ni tupu. Madirisha yameng'olewa na mbuzi wa watu wanaingia wanavyotaka. Mashine za kuchuna majani zilikuja muda si mrefu baada ya kukuzika. Moja wanaibeba wanaume wawili, mmoja huku na mwingine kule, inanguruma, na laini ya chai tuliyokuwa tukiimaliza asubuhi nzima wao wanaimaliza kabla uji haujapoa. Sisi tulipewa mkono wa asante tukaambiwa tufunge mizigo. Nimerudi Merigi, kwenye kile kipande cha shamba cha marehemu mume wangu, nina ng'ombe wawili na mahindi kidogo. Achieng wako ninaye. Nitafika kwake, usiniharakishe.

Unakumbuka siku ile ya mvua ya mawe, tulipokimbilia kibanda cha mizani na vikapu mgongoni? Mvua ilipokatika nyapara akapiga kelele, "Haya, kila mtu arudi kwa laini yake!" Nawe ukamuuliza ukiwa umekaza uso, "Gani sasa, boss? Ya kulala, ya kuchuna ama ya simu?" Watu walicheka mpaka yeye mwenyewe akageuka kuficha meno. Tangu hapo ukawa mchezo wetu. Tulilala laini, tukaamka kupanga laini kwenye bomba la maji, tukagawiwa laini ya kuchuna, jioni tukapanga laini ya mizani. Mtoto akikosa adabu, tulimwambia aingie laini. Kisha akaja yule mhubiri kutoka Pwani, akashangaa, maana kwao kitu laini ni kitu chororo. Akauliza kwa nini vijumba vile viitwe hivyo. Ukamwambia, "Pasta, kaa na sisi wiki moja tu, utaujua huo ulaini." Maskini hakujua acheke au aombe.

Achieng alipoingia sekondari akatuletea nyingine kutoka darasa la Kiingereza. Alisema hata uzi wa ndoano ni laini, hata maneno ya mtu kwenye mchezo wa kuigiza, hata makunyanzi ya usoni, hata ukoo. Ulipiga makofi. "Na vitabu vyote vile walivyo navyo, Wazungu walikosa maneno?" Nikakwambia hawakuja huku pure, walikuja kutafuta maneno. Ukaacha hoja yangu nzima ukashika hiyo "pure", ukitaka niseme "bure" kama watu. Nikakwambia wewe sema "shamba" kwanza. Ukasema "samba". Tukacheka hadi sufuria ikaungua.

Siku hizi hakuna anayenisahihisha. Naongea pure yangu yote na ng'ombe.

Kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni vile ulivyokuwa ukinipokea. Mikono yako ilikuwa myepesi, yangu ya kobe. Ukimaliza laini yako, wengine wakienda kupumzika, wewe ulizunguka mpaka mwisho wa yangu ukaanza kuchuna kuja upande wangu. Mimi nilikuwa nimeinama, sioni kitu ila majani, halafu nasikia wimbo wa kanisani unakaribia. Tulikutana katikati, ukamimina majani yako kwenye kikapu changu kama umekosea njia tu. Kila nilipotaka kushukuru ulinikata: "Wewe Mama Chebet, niletee yale maziwa yenu ya mursik, wacha maneno." Nami nililetewa vidagaa vyenu vya omena bila kuomba. Hata majina ya watoto wetu yalikuwa yamekubaliana kabla yetu: Chebet wangu alizaliwa mchana, Achieng wako alizaliwa jua likiwa utosini, kila mmoja akaitwa hivyo kwa lugha ya kwao. Ulipoligundua hilo ulisema, "Basi tumezaa jina moja." Sasa Chebet ameolewa Sigowet na ana wake wa kulea. Aliyebaki na mimi ni huyu wako.

Na hapo ndipo moyo wangu unaposumbuka.

Achieng amepita mtihani, mwenzangu. Ameitwa chuo cha wauguzi, Kisumu. Dani yake, mama mkwe wako, amepiga simu akisema msichana akae kwake, si mbali na chuo, na yeye mwenyewe ni mzee, hana wa kumchotea maji. "Huyo ni wa ukoo wetu," alisema, kwa upole kabisa. Nilijibu, "Tutaona, mama." Nikaweka simu chini nikahisi nimechomwa. Kati ya laini zote tulizozihesabu mimi na wewe, hiyo ya ukoo ndiyo ambayo simo.

Basi nikaanza vijisababu. Nikamwambia msichana kuna chuo Bomet pia. Nikamwambia kule kuna joto na mbu. Nikamwambia ng'ombe wamemzoea, mimi wananipiga mateke. Hakubishana. Unajua alivyo. Aliendelea kukamua, lakini nyimbo zake zikaisha. Jumapili baada ya kanisa akanishika mkono akasema, "Mama, ukisema nisiende, sitaenda."

Ningesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini alikuwa amesimama na ndoo, kiuno kimepinda upande mmoja vilevile kama chako, na nikajua ninachokishikilia. Simshikilii Achieng. Nakushikilia wewe. Nimekuwa nikimwangalia akisonga ugali ili nione mgongo wako. Huyo ni mtoto mwenye maisha yake mwenyewe, na mimi nataka kumfanya kivuli cha mama yake ili nisile peke yangu. Uchungu wa kufiwa una choyo, hakuna aliyenionya.

Nikamwambia aende. Alilia, nami nikalia, ng'ombe wakatushangaa. Jioni hiyo aliimba tena jikoni, nami nikaukasirikia ule wimbo kidogo, halafu nikaitikia.

Nyumba itanyamaza, najua. Nitazoea. Nakuahidi sitampigia simu kila siku kumuuliza amekula nini, na sitajifanya mgonjwa ili arudi. Akifunga chuo akataka kuja Merigi, kitanda chake kipo. Akitaka kubaki kwa watu wake, nitaitika vizuri, na asinisikie nikipumua kwa nguvu.

Sitampandisha gari nikapunga mkono stendi. Nitakwenda naye Jumamosi mpaka kwa mama mkwe wako, nimkabidhi kwa mkono, nisalimie wazee kwa Kiswahili changu hiki, wacheke wanaotaka kucheka. Kisha nitaomba nionyeshwe kaburi lako, maana siku ile ya mazishi macho yangu hayakuona kitu.

Kwaheri, mwenzangu. Lala. Jumamosi nakuletea mtoto.

Mama Chebet