Sauti kwenye Chaneli ya 82

S.L.P. 19,
Piedra Mansa,
New Mexico.
14 Machi 1991

Mpendwa mpwa wangu Isaura,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto, na kwamba baridi ya Chicago imeanza kulegea. Mimi namshukuru Mungu. Ni goti tu linalonikumbusha umri. Uniwie radhi kwa kimya changu tangu Krismasi.

Nimepokea habari kwamba mnakusudia kuja Juma Kuu. Kwa majonzi makubwa nakuomba msije.

Utaukumbuka mlingoti wa televisheni kule kilimani. Kila nyumba ilitoa mtu wa siku moja, kama tufanyavyo kusafisha mfereji, tukapandisha saruji kwa punda. Wewe ulichora jina lako kwa msumari kabla haijakauka. Chaneli ya 82 ikawa yetu, hadi serikali ilipozifuta zote kuanzia ya 70 hadi ya 83 na kuwapa watu wa simu za magari masafa yake. Mlingoti wao sasa umesimama juu ya saruji yetu ile ile.

Nakiri kosa langu: antena sikuishusha. Kila alasiri saa kumi, saa ya kipindi alichokipenda marehemu mke wangu Refugio, huwasha televisheni na kuketi mbele ya chengachenga na mvumo wa chaneli iliyokufa. Hadi juma hili sikuwa nimemwambia mtu haya.

Jumanne, ndani ya mvumo ule, nilisikia watu wakizungumza kwa simu. Masista walitufunza kwamba kusikiliza maneno ya wengine ni wizi. Niliinuka nizime, ndipo likatajwa bwawa la tope la mgodi, lile lililo juu yetu.

“Bosi, ukuta unavuja upande wa mashariki. Juzi kilipita kidole, leo ngumi inaingia.”

“Funga mdomo mpaka wakaguzi waondoke.”

“Na watu wa bondeni je?”

“Bondeni kuna nani? Vizee na mbuzi!”

Wakacheka, Isaura. Sauti zao zilikuwa za vijana.

Nilikwenda kwa Belarmino, msimamizi wetu wa mfereji. Alisikiliza huku akimenya pilipili zilizochomwa, kisha akaniambia, “Ndugu yangu Eusebio, chaneli hiyo tuliizika zamani! Refugio alikuonya, ukizidi kulikodolea macho hilo sanduku utaanza kupiga soga na mashetani.” Mkewe naye akaniwekea bakuli la maharage, kama awekewavyo mgonjwa.

Simlaumu. Niliandika pia kwa ofisi ya wilaya, lakini barua huenda polepole. Jana niliwasha tena, nikakuta mvumo mtupu.

Kwa hiyo nimehamishia godoro langu kanisani, chini ya kamba ya kengele, ili ukuta ukipasuka niwaamshe watu. Padri ameniruhusu, akidhani ni toba ya Kwaresima. Samahani kwa kumwacha aamini hivyo.

Kuna jambo moja zaidi, nililotaka kukuficha. Wajua mfereji hatuufungulii maji kabla ya siku ya kuusafisha, nayo bado. Leo asubuhi nililikuta lango limefungwa kwa kufuli, kama tulivyoliacha. Lakini ndani ya mfereji mna maji, rangi yake ya majivu, kama tope la mgodi.

Nisalimie mumeo Anselmo, na uwabusu Odila na mdogo wake Tránsito. Waambie nyumba ya bibi yao Refugio ipo, ila mwaka huu wasiitamani.

Bikira awafunike kwa joho lake.

Ni mimi mjomba wako, nikupendaye nikiwa karibu na kengele,

Eusebio Lovato