Chumba cha Mama, Nyumba ya Chini

Kaka mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, wewe na wifi, na kwamba hiyo nyumba yenu ya chini haijaingia unyevu. Sisi hatujambo. Mama naye hajambo, ukiacha upande uliopooza. Mdomo haukupooza, na salamu zake kwako nimezipunguza makali.

Huku kuna mageuzi. Zamani nikimpeleka Mama hospitali, naambiwa ameshapona, kilichobaki ni matunzo, niende ustawi wa jamii. Ustawi nao wanasema huyu ni mgonjwa, nimrudishe hospitali. Mimi na Mama mgongoni, hadi kwangu ghorofa ya tatu, juu na chini kama ndoo ya kisimani. Sasa ofisi hizo mbili zinafanya kazi pamoja: chumba kimoja, meza moja, birika moja la chai.

Juzi wakatuita. Muuguzi akasema mzee huyu anaishi kwa binti yake, maana mwanawe mkubwa aliwaambia kwake hapana nafasi hata ya kuweka kiti. Afisa wa ustawi akacheka, akasema dada umechanganya, mzee anaishi kwa huyo huyo mwanawe, ndiyo maana ustawi walimpa nyumba ya chini yenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Wakatazamana. Kisha wakanitazama mimi.

Ningeweza kukusitiri, Kaka. Ningesema Mama huja kwangu kutembea tu. Lakini nikakumbuka ulivyoniambia kwenye simu kwamba kumbeba Mama kunanifaa, kunapunguza kitambi. Nikanywa chai yao. Mama ndiye aliyeuliza, kwa upole wa kutisha, kama hicho chumba chake kina dirisha.

Na nikufunulie la moyoni: kikao hicho hakikuzuka chenyewe. Mimi ndiye niliyemwomba muuguzi amwalike afisa yule yule aliyekupa nyumba. Nilijua watasemaje. Nilivaa hata viatu vizuri.

Wamekubaliana. Gari ni la hospitali, kiti ni cha ustawi, muuguzi atakuja kumfundisha wifi namna ya kumgeuza Mama kitandani, na chumba ni chako. Barua sikuiposti, nimempa Mama aje nayo. Kwa hiyo ukifika mstari huu, inua macho, umwamkie, umsogeze ndani. Mto wake ni ule mgumu.

Unisalimie wifi sana.

Ni mimi mdogo wako wa ghorofa ya tatu, ambaye leo anapanda ngazi mgongo mtupu.