Kikao cha Dharura Kuhusu Tabaka la Kuzibwa Katika Kisima cha Saba

CHAMA CHA WANAFUNZI WA MIAMBA NA MAFUTA
Jumatano alasiri, maabara ya ghorofa ya chini

Waliohudhuria: Mwenyekiti, Katibu, Mtunza Sampuli, Mhandisi wa Kisima (mwalikwa).
Hakuhudhuria: Mhazini (ana mtihani).

KUMB. NA. 1/D: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba kikao kiwe kifupi. Hakikuwa.

KUMB. NA. 2/D: RIPOTI YA MWAMBA
Mwenyekiti alieleza kwamba uwanja huu wa mafuta ni mzee. Kwa miaka mingi maji yamesukumwa chini ili yapandishe mafuta, na sasa Kisima cha Saba kinatoa maji karibu matupu. Kwa mujibu wa ripoti yake, maji hupenya kwenye tabaka la juu, lenye changarawe. Tabaka hilo lizibwe kwa saruji, mafuta yavutwe kutoka tabaka la chini. Mhandisi alithibitisha kwamba saruji itamiminwa kesho, na kisima kikishindwa tena kitafungwa kabisa.

KUMB. NA. 3/D: PINGAMIZI
Mtunza Sampuli aliweka mezani kipande cha mwamba. Alieleza kwamba huu ni mchanga wa mto wa kale, na mto hutua mawe mazito kwanza, kisha mchanga laini juu yake. Katika masanduku ya sampuli za kisima hiki, kila kipande kilikuwa kinyume: mchanga laini chini, mawe juu.

Mwenyekiti alijibu kwamba picha za sampuli alizipiga mwenyewe.

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, kaka," alisema Mtunza Sampuli. "Ulipopiga picha, uliyageuza masanduku?"

Mwenyekiti alianza kupekua picha zake. Katibu alitumia nafasi hiyo kutamka kwamba chama hiki hakikuundwa kulinda heshima ya mtu. Kwamba mwamba haupigi kura, haubembelezwi, wala hausomi vyeti vilivyotundikwa ukutani. Mwenyekiti alimkumbusha Katibu kwamba uchaguzi wa uenyekiti ulikwisha na alishindwa. Katibu alipokea ukumbusho, akaketi.

"Wanangu," alisema Mhandisi, "saruji ikishaganda kule chini, hakuna samahani itakayoitoa."

KUMB. NA. 4/D: UAMUZI
Mwenyekiti alieleza kwamba alama za kina kwenye masanduku zilifutika paa la stoo lilipovuja. Aliyageuza masanduku ncha kwa ncha ili kivuli cha kabati kisiharibu picha, kisha akayapanga upya kwa kufuata picha hizo. Hivyo juu ikasomwa kuwa chini. Changarawe iko chini. Kuziba juu kungeyazika mafuta yaliyobaki na kuyaachia maji njia yake.

Bila kuombwa, Mwenyekiti alipendekeza ripoti iondolewe, ingawa ndiyo iliyokuwa ikisubiriwa kwa shahada yake. Katibu aliunga mkono hoja bila hotuba. Mhandisi alitoka kupiga simu, akarudi na taarifa kwamba mashine ya saruji imesimamishwa.

KUMB. NA. 5/D: KUFUNGA
Kikao kiliishia stoo ya sampuli saa kumi na mbili jioni, wajumbe wakiwa wamesimama. Mwenyekiti aliyageuza masanduku kwa mikono yake, Mtunza Sampuli akimshikia taa upande wa kabati.

Katibu: (saini)
Mwenyekiti: (saini, vumbi lililo juu yake ni la masanduku)